Maji Yamefunguliwa na Nakiete

Siku tuliyomzika Elieza, Kasanda alifika Suji na santuri kwapani. Alikuwa ametoka Tabora, mzee wa magoti mabovu, na pale Makanya alipanda bodaboda hadi juu mlimani akiwa ameikumbatia ile santuri kama mtu aliyebeba mayai. Hakuleta shada la maua. Alipita katikati ya waombolezaji, akaisimamisha juu ya meza kando ya picha ya marehemu, halafu akaja kuketi karibu nami na kuomba sahani ya makande. Wajukuu wa Elieza waliizunguka ile meza na simu zao, wakapiga picha mbele, wakaigeuza na kupiga nyuma, na mmoja wao, binti wa chuo anayesomea mambo ya matangazo, akanijia akiwa amekunja uso. "Shikamoo bibi," akasema. "Hapa pembeni pameandikwa 'Maji yamefunguliwa na Nakiete'. Nakiete si wewe?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia ndiye mimi. "Na hii picha ya jalada aliichora nani?" Nikamwambia ni mimi pia. "Sasa mbona hawakuandika kwamba umechora?" Kasanda alicheka mpaka punje ya mahindi ikampalia, ikabidi apigwe mgongoni. Kucheka msibani si adabu, lakini Elieza angekuwepo angecheka kutushinda sote.

Msibani hapakuwa na nafasi ya kumjibu yule binti, kwa hiyo namjibu hapa. Sitaanza na kuzaliwa kwangu, wala na habari za ukoo, maana hizo kila mtu anazo. Naanza na chumba. Azimio lilikuwa limeshatangazwa miaka michache nyuma, ile operesheni ya kuhamia vijijini ilikuwa bado njiani, nami nilikuwa msichana wa kupanga chumba Same mjini, uani kwa Mama Zaituni, karibu na reli. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama milima, na treni ilipopita brashi zangu zilitetemeka ndani ya kopo. Upande wa pili wa ukuta ndiko kulikuwa na jiko la Mama Zaituni, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba maneno yote ya mji yalinifikia yakiwa bado ya moto. Alibandika makande asubuhi na kuyaachia kuni ziyafanyie kazi. Ukimuuliza kama yameiva alikujibu kwamba makande hayapikwi na mwenye haraka, na kama una haraka nenda ukanunue mkate. Hata leo nikisikia harufu ya maharage yanayoanza kupasuka, mkono wangu wa kulia unatafuta brashi.

Kazi yangu ilikuwa kuchora picha za kisomo cha watu wazima. Jembe, chungu, ng'ombe, mama anayenawa mikono. Mkubwa wangu, tuliyezoea kumwita Bwana Elimu, alikuwa mtu mwema asiyependa utani, na kila asubuhi alinikabidhi karatasi za manila kwa maneno yale yale: "Ndugu Nakiete, ng'ombe awe ng'ombe." Nami nilimchora ng'ombe akawa ng'ombe, huku roho ikininyong'onyea. Nilichofurahia ni kupeleka picha madarasani, kwa sababu wanafunzi wetu, wazee wa ndevu nyeupe, waliziangalia kuliko mtu yeyote aliyewahi kuangalia kazi yangu hadi leo. Siku moja nilibandika ukutani mbuzi mwenye pengo dogo sikioni, pengo nililoliweka kwa kujifurahisha tu. Mzee mmoja akasimama, akasema yule mbuzi ni wake, amepotea tangu mvua za vuli, na anaomba kujua nilimwona kwa nani. Alikuwa hatanii. Darasa likagawanyika, mashahidi wakajitokeza, somo la siku hiyo likaishia hapo. Watani zetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Hawasemi uongo, ila hupunguza idadi ya ng'ombe. Nikamchora mbuzi mwingine mwenye masikio kamili, kesi ikafungwa, nami nikarudi nyumbani nikiwa nimeelewa kwamba kwetu picha ni ushahidi.

Jioni nilikwenda kuwasikiliza Radi ya Shengena. Ndilo lilikuwa jina la bendi, na Shengena ni ule mlima wetu mrefu kuliko yote. Walifanya mazoezi kwenye ghala la ushirika pale mjini, kati ya magunia yaliyonuka kahawa. Elieza, kijana mwembamba wa Suji mwenye sauti ya mwalimu, alipiga gitaa la kwanza. Kasanda alipiga besi kwa mikono iliyojaa makovu ya mkonge, kwa maana wazazi wake walikuja kutoka Unyamwezini kufanya kazi shambani, naye alikata mkonge kabla hajajua kuna gitaa duniani. Hawakupiga dansi wala kwaya. Walipiga roki, na spika yao ilikuwa imechanika karatasi, hivyo gitaa likatoka na sauti ya dume la ng'ombe lililoona ng'ombe wageni. Walijaribu kuitengeneza, ikapona, wakaona haipendezi, Elieza akaichana tena kwa wembe. Nilimsikia jirani akimuuliza Mama Zaituni jikoni vijana wale wanapiga nini. "Roki," akajibu. "Roki ndiyo nini?" Mama Zaituni akakoroga kwanza, halafu akasema, "Ni dansi iliyokasirika." Sijasikia maelezo bora zaidi tangu siku hiyo, na nimewasikiliza wataalamu wengi.

Vyombo vyote vilikuwa mali ya Suji, kijiji chetu cha mlimani, kwa hiyo bendi ilikuwa ya watu wote, maana yake kila mtu alikuwa na neno la kusema. Lakini hakuna aliyesema neno pale bwana mmoja wa kampuni ya santuri alipofika kutoka Nairobi, akasikiliza ghalani akiwa ameziba sikio moja, kisha akasema atawatolea santuri kubwa, nyimbo pande zote mbili. Akawapanga kando ya gari lake, wamevaa tai za kuazima, akawapiga picha ya kuweka kwenye jalada. Picha ilipooshwa tuliitazama uani kwa Mama Zaituni, tukiwa tumezunguka sufuria. Elieza aliishika muda mrefu bila kula. "Hawa ni makarani wanaosubiri mshahara," akasema. Kisha akanigeukia. "Nakiete, siku ile uliniambia nini kuhusu mlima?" Nilikuwa nimemwambia kwamba Suji ukungu ukijaa bondeni asubuhi, mlima hauonekani kukaa juu ya kitu, na mimi tangu utotoni huuona ukitembea. "Basi chora hivyo," akasema. Kasanda akaongeza, huku akijipakulia tena, "Na radi usiisahau, ndiyo jina letu."

Nilianza Jumapili, watu wakiwa kanisani, nikiwa nimebandika manila ukutani mkabala na dirisha. Nilichora mlima wa Shengena ukishuka kwa miguu kwenda tambarare, umejifunga kanga kiunoni, visigino vimepasuka kwa jua. Begani umebeba ndiva, lile bwawa letu la mlimani linalokusanya maji usiku na kufunguliwa asubuhi, lakini ndiva yenyewe ni ngoma iliyowambwa ngozi. Maji yanayotoka humo yanashuka kifuani mwa mlima yakiwa nyuzi za gitaa. Treni inaingia sikio moja la mlima na kutokea puani ikitoa moshi. Mikonge ya tambarare nikaipa masikio, yote imeyasimamisha inasikiliza. Radi nikaifunga kamba kwenye kigingi, inakula majani kama mbuzi wa nyumbani. Nilichora nikicheka peke yangu. Miezi yote ile ya majembe na vyungu ilikuwa imenibana kifua bila mimi kujua, na siku hiyo kilifunguka. Mama Zaituni aliniletea chai ya tangawizi, akasimama mlangoni akitazama. "Mwanangu, umekula nini leo?" akauliza. Kisha akasogea. "Hiyo miguu ni yangu." Ilikuwa miguu yake kweli, na vile visigino, nami nilikuwa sijatambua. Nilidhani atakasirika, lakini aliwaita majirani wote waje waone miguu yake imekuwa mlima.

Bwana wa santuri hakucheka. Alisema watu hununua sura, na hapa haoni sura. Elieza akamshikilia kwa maneno ya upole mpaka akakubali jambo moja: kijiji ndicho mwenye vyombo, kijiji kikiipitisha picha hii kwa kauli moja ataichukua, la sivyo atatumia ile ya tai, na Jumamosi anaondoka. Nataka msomaji ajue nilivyokuwa. Nilitaka picha ile itoke kuliko nilivyotaka kuolewa, na nilikuwa na mchumba. Nilijua ikikataliwa nitarudi kwa ng'ombe awe ng'ombe hadi uzeeni, nami singekuwa na ujasiri wa kuchora hivyo mara ya pili. Tulipanda lori hadi Makanya, mimi na Elieza na Kasanda, tukamalizia mlima kwa miguu, manila ikiwa imeviringwa ndani ya mkeka.

Tulifika siku ya msaragambo. Pembe ilikuwa imepigwa alfajiri na kijiji kizima kilikuwa kwenye ndiva kuzoa matope na kuziba nyufa, maana kazi ya namna hiyo kwetu hakuna anayelipwa na hakuna anayebaki nyumbani. Makande yalikuwa yakitokota kwenye sufuria za msaragambo, kubwa za kumwogeshea mtoto. Kazi ilipokwisha watu waliketi kwenye tuta la ndiva, matope yakiwakaukia miguuni, Elieza na Kasanda wakaikunjua picha na kuishika huku na huku. Nilijiandaa kusikia kwamba ni ya kishetani, au kwamba mlima haufungwi kanga. Wazee wakainuka mmoja mmoja wakaja kuinusa karibu. Wa mwisho alikuwa Mzee Mchome, mwangalizi wa zamu za maji, aliyekuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa mtu wa Msituni. Kijiji chetu kina pande mbili, Kanisani na Msituni, na mfereji ukitoka kwenye ndiva hugawanyika mara mbili, na tangu enzi za babu zetu hakuna upande uliowahi kuamini kwamba mwenzake anapata kidogo.

"Mlima una miguu, sawa," akasema Mzee Mchome. "Nani hapa hajui kwamba mlima huu hutembea? Asubuhi uko karibu, jioni uko mbali. Radi imefungwa kamba, sawa, wazee wetu waliifunga. Hata hiyo treni puani sina neno nayo." Akavua miwani. "Lakini nauliza mbele ya watu wote. Haya maji yamefunguliwa na nani, na kwa zamu ya nani? Maana naona yote yanaelekea Kanisani."

Nikatazama. Ni kweli, maji yangu yote yalishuka upande wa kushoto, na ukisimama kwenye ndiva ukatazama tambarare, kushoto ni Kanisani. Mimi ni mtoto wa Kanisani. Mkono ulikwenda ulikozoea. Watu wa Msituni wakasimama kwa pamoja. Watu wa Kanisani wakajibu kwamba siku ya picha ile ni zamu yao, na atakayebisha alete ushahidi wa siku gani ilichorwa. Mama mmoja akasema kama yale ni masika hakuna haja ya zamu. Mwingine akamwonyesha mikonge, akasema mkonge wa masika hauwi na rangi ile. Shauri likaendelea mpaka jua likaanza kuinama. Kasanda, ambaye kwao maji huanguka kutoka mbinguni bila kuuliza ukoo wa mtu, aliniinamia. "Nakiete, hawa watu wanagombania wino," akanong'ona. Elieza naye akaninong'oneza upande wa pili: "Waambie ni mawazo tu, si maji ya kweli, yaishe."

Yangeisha, na picha ingekufa hapo hapo. Niliona jambo moja waziwazi, na najisifu nalo mpaka leo: katika dunia nzima nilikuwa nimepata watu walioiamini picha yangu kabisa, nami nikaombwa niwaambie wasiiamini. Kusema mbele ya ndiva haikuwa kazi ya wasichana. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikasimama. "Shikamooni wazee," nikasema. "Hayo maji ni ya kweli. Nimeyafungua mimi. Na Msituni hawajanyimwa, mfereji wao unapitia nyuma."

"Nyuma wapi?" akauliza Mzee Mchome.

Nikaigeuza manila. Nyuma ilikuwa nyeupe tupu. "Hapa," nikasema. "Bado haujachimbwa."

Kicheko kikaanzia kwa akina mama na kulizunguka tuta zima. Mzee Mchome hakucheka. Alikwenda kwenye moto, akaokota kipande cha mkaa kilichozimika, akanipa. "Basi chimba," akasema. Nikailaza karatasi juu ya mkeka nikaanza kuchimba. Niliuvusha mfereji kutoka ukingo wa picha ya mbele, mahali ambapo jalada lingekunjwa, nikauingiza upande wa nyuma, na nilipofika hapo nikawa si peke yangu tena. Mtu akasema pitia chini ya jiwe, juu yake patabomoka. Mwingine akasema kuna kaburi la bibi yake, zungusha. Walipiga magoti kunizunguka, vidole vya matope vikanionyesha kona, makingio, mahali pa migomba, mahali ambapo maji hukimbia na mahali yanapolala. Kanisani walinielekeza mashamba ya Msituni, na Msituni wakasahihisha. Ulikuwa msaragambo wa pili wa siku ile, na huo nao haukumwacha mtu nyumbani. Nilipomaliza, maji ya ile ngoma ya begani yalifika kila shamba, mbele na nyuma, na picha ilikuwa imekuwa kubwa maradufu na nzuri kuliko nilivyoweza kuifanya chumbani kwangu.

"Ipite," akasema Mzee Mchome, na watu wote wakaitikia ipite. Akanyoosha kidole. "Ila jina la aliyefungua maji liandikwe. Siku yakikosekana tujue wa kumshtaki." Bwana wa santuri alikuwa amesema jina la mchoraji haliandikwi, si desturi ya kampuni. Elieza alimpelekea lile sharti Ijumaa akiwa na uso mkavu kabisa, akamweleza kwamba bila lile jina hakuna kauli moja ya kijiji. Yule bwana aliigeuza picha mbele na nyuma, akauliza nyimbo ataziorodhesha wapi iwapo nyuma nako kumejaa. Nikamwonyesha mashamba. Kila wimbo ungeandikwa ndani ya shamba lake, na mfereji upite katikati. Alikaa akiitazama, kisha akaanza kutabasamu kama mtu aliyeonja kitu asichokijua na kukuta kitamu. Aliondoka nayo Jumamosi.

Santuri zilikuja na treni, katika maboksi, miezi kadhaa baadaye, bendi ikiwa imekwenda Nairobi kurekodi na kurudi. Tulifungua boksi la kwanza pale pale stesheni. Buluu ya maji ilikuwa imekolea kuliko niliyopaka, nikaipenda zaidi ya ile yangu, na chini, karibu na kidole kikubwa cha mguu wa Mama Zaituni, kulikuwa na maneno yale. Nililia mbele za watu na sikujifuta. Jioni ile ghala lilijaa, hata mlimani watu walishuka. Watu wa Msituni walishika jalada upande wa nyuma ukiwa mbele, wa Kanisani hivyo hivyo kwa upande wao, na Mama Zaituni alivua viatu ili wenye mashaka walinganishe. Bwana Elimu alikuja pia, akaitazama kwa muda mrefu sana. "Ng'ombe yuko wapi?" akauliza hatimaye. Nikamwonyesha, mdogo, amechungulia kutoka kwenye pindo la kanga ya mlima. Akainama. "Ni ng'ombe," akakiri, na akanunua mbili.

Wiki hiyo wazee wakaniita mlimani. Nilikwenda na bendi nzima, nikidhani kuna kesi, na nilikuwa nimejiandaa kuitetea. Ilikuwa asubuhi, ndiva imejaa hadi ukingoni, kijiji kimepanga mstari juu ya tuta. Elieza aliunganisha gitaa na betri ya lori iliyopandishwa na vijana wanne. Mzee Mchome alinyanyua jalada juu watu walione. "Imeandikwa," akasema. "Imekwenda Nairobi na imerudi, na bado imeandikwa. Hatuwezi kuwa na maandishi ya uongo." Akanigeukia, akanionyesha kizibo, lile gogo lililozungushiwa majani ya migomba na udongo, ambalo mikono iliyowahi kulivuta ilikuwa ya wanaume wa ukoo wake tu. "Fungua, binti."

Nilishuka majini na nguo zangu nikalikumbatia. Halikutoka mara ya kwanza. Mara ya pili nilihisi likilegea, kisha maji yakanisukuma mgongoni na kunipita yakinguruma, yakaingia mferejini, na pale yanapogawanyika nikayaona yakienda huku na huku. Pembe ikalia, na juu yake gitaa la Elieza likalia, lile la spika iliyochanika, na watu wa pande zote mbili wakaanza kukimbia kandokando ya maji kuyasindikiza mashambani. Nilibaki nimesimama, nimelowa mpaka shingoni, nikicheka. Ndiyo sababu, mjukuu wangu, hawakuandika kwamba nilichora. Waliandika nilichofanya.